KOMPYUTA KUUKUU ZISITUPWE, BADO ZAWEZA KUPOKEA SIMU



Katika afisi nyingi siku hizi kuna chumba kimoja kisichofunguliwa ila siku ya kuhesabu mali. Ndani yake zimelala kompyuta za zamani, moja juu ya mwenzake, zimejaa vumbi. Karani huandika katika daftari kwamba hazifai, bwana mkubwa hutia sahihi bila kuzitazama, na lori huja kuzichukua. Sisi twasema ya kwamba neno hili "hazifai" huandikwa upesi mno. Hazifai kwa kazi gani? Hapo ndipo ulipo ubishi wetu.

Sisi watu wa reli twalijua jambo hili kwa kazi yetu wenyewe. Injini ikishindwa kuvuta mabehewa mengi mlimani, haipelekwi siku ile ile kukatwa iwe chuma chakavu. Hupewa kazi ya yadini, ya kusukuma na kupanga mabehewa, na huko yaweza kufanya kazi miaka mingine mingi. Hakuna aiulizaye mbona haiendi Mombasa. Basi kompyuta nayo ina kazi yake ya yadini, nayo ni hii: kukaa karibu na waya wa simu, kungoja kupigiwa, kuitika, kupokea barua za mpigaji, kumpa zile zilizo zake, kisha kukata simu na kungoja mwingine. Mashini ifanyayo hivyo huitwa seva ya kupigiwa simu. Na kisanduku kinachogeuza maneno ya kompyuta yawe sauti ya kupita katika waya, na kuirudisha sauti iwe maneno tena, huitwa modemu.

Wengine hudhani kazi hiyo yataka mashini yenye nguvu nyingi. La, sivyo. Na tuhesabu pamoja. Ukurasa mmoja uliopigwa taipu una herufi kama 2,000. Modemu ya miaka ya 1980, ile ya mwendo wa 2,400, hupitisha herufi kama 240 kila sekunde. Kwa hiyo ukurasa wamalizika kwa sekunde 8 au 9. Ile ya 9,600 humaliza kwa sekunde 2 na kidogo. Tena ile kompyuta ya mwaka 1983 iliyoitwa IBM PC XT, yenye diski ya megabaiti 10 tu, yaweza kuweka kurasa kama 4,000 za namna hiyo hata baada ya kuzitengea programu zake nafasi. Ni tawi gani la chama liliwahi kuandika kurasa 4,000 kwa mwaka mmoja? Katika kazi hii mashini ndiyo iungojayo waya. Waya hauingoji mashini. Kompyuta inayokushinda kwa uzembe ukitaka kutazama picha juu yake, hapa hukaa bure muda mwingi kama gadi aliyefika stesheni mapema.

Wala jambo hili halikuanzishwa na matajiri. Mwanzo wa mwaka 1978, mjini Chicago huko Marekani, theluji ilianguka nyingi hata watu wakafungika majumbani. Wawili katika hao, Ward Christensen na Randy Suess, walitumia siku hizo kutengeneza ubao wa matangazo wa kupigiwa simu, mfano wa ule ubao wa ukutani ambao mtu hubandika karatasi yake na mwingine huja kuisoma. Christensen aliandika programu, Suess aliunganisha mashini. Ulifunguliwa tarehe 16 Februari 1978. Laini ilikuwa moja; aliyepiga na kukuta mwenziwe yumo aliambiwa na simu kwamba imeshikwa, akangoja zamu yake. Yahesabiwa kwamba ulipokea wapigaji kama robo milioni kabla haujafungwa.

Baadaye, mwaka 1984, kijana mmoja wa San Francisco aitwaye Tom Jennings alifikiri zaidi. Aliona kwamba ikiwa mashini moja yaweza kuitika simu, yaweza pia kupiga. Akaanzisha mtandao ulioitwa FidoNet. Mchana kila mashini ilipokea wageni wake na kukusanya barua zao. Usiku, wakati simu ni rahisi, ilikuwako saa moja iliyokubaliwa ambayo mashini zote ziliacha wageni na kupigiana zenyewe kwa zenyewe, kila moja ikimkabidhi jirani mfuko wa barua. Ndugu yeyote aliyewahi kufanya kazi ya zamu ya usiku stesheni ndogo atauelewa mpango huo bila kuelezwa mara ya pili. Ni gari la posta: lapita, mfuko washushwa, mwingine wapakiwa, na stesheni yalala tena. Katikati ya miaka ya 1990 stesheni za FidoNet zilikuwa zaidi ya 30,000 duniani, na nyingi zilikuwa katika chumba cha mtu nyumbani kwake, juu ya meza, kwa kompyuta ya kawaida kabisa.

Twaeleza haya kwa sababu yalifika hata kwetu, na watu wengi hawajui. Kabla intaneti haijaanza kuuzwa kwa watu hapa Kenya katikati ya miaka ya 1990, Nairobi ilikwisha kupata barua za kompyuta kwa njia hii. Palikuwa na mtambo wa FidoNet katika afisi za Environment Liaison Centre International, ambayo ilikuwa ikiunganisha vyama vya mazingira. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kilikuwa na mtambo wa mpango ulioitwa ESANET, uliounganisha wataalamu wa Kenya, Uganda, Tanzania, Zambia na Zimbabwe. Kule London kulikuwa na chama cha mtandao kiitwacho GreenNet, na mashini yake ndiyo iliyokuwa ikipiga simu kuja Afrika na kubadilishana mifuko. Kwa nini wao wapige? Kwa sababu kupiga simu ng'ambo kutoka huku kulikuwa ghali mno. Barua za watu wengi zilifinywa zikawa ndogo, zikatiwa katika mfuko mmoja, zikapita kwa simu moja ya dakika chache. Mwalimu au mganga ambaye barua yake ya posta ingechukua majuma, alipata jibu baada ya siku moja au mbili.

Hebu tazameni kilichotumika: kompyuta moja, modemu moja, waya mmoja wa simu, na mtu mmoja au wawili waliojua kazi. Hapakuwa na jumba la vioo. Hapakuwa na wanahisa.

Kisha intaneti ikaja, ikawa ya kila mtu, nasi twashukuru kwa hilo. Hakuna mwenye akili atakayetaka kurudi kwenye herufi 240 kwa sekunde kwa kazi zake zote. Mwezi wa Septemba 2025 kampuni ya AOL ya Marekani nayo ilifunga huduma yake ya kupigiwa simu kwa modemu, iliyodumu zaidi ya miaka 30. Watu wengi walicheka waliposikia kwamba ilikuwa bado hai. Sisi hatukucheka, na sababu yetu ni mambo yaliyotokea Misri.

Usiku wa tarehe 27 kuamkia 28 Januari 2011, wakati watu wa Misri walipokuwa barabarani wakiipinga serikali yao, intaneti ya nchi ilikatwa. Kampuni za intaneti zilizima moja baada ya nyingine. Nchi ya watu zaidi ya milioni 80 ikawa karibu kimya. Lakini simu za waya za majumbani zilikuwa bado zaita. Sasa huko Ufaransa kuna chama kiitwacho French Data Network, kilichoanzishwa mwaka 1992. Si kampuni ya faida; ni chama cha wanachama wanaolipa ada, kama chama chetu. Chama hiki kilikuwa hakijaizima ile huduma yake ya zamani ya kupigiwa simu kwa modemu. Basi kilitangaza namba yake ya Paris kwa watu wote wa Misri, pamoja na jina la kuingilia, "toto", na neno la siri, "toto" hilo hilo, ili hata anayeambiwa kwa mdomo asisahau. Mpigaji hakudaiwa kitu na chama. Alilipa bei ya simu ya kwenda Ufaransa tu. Intaneti ya Misri ilirudishwa tarehe 2 Februari.

Hatusemi kwamba modemu zile zilitosha nchi nzima. Zilikuwa chache, na simu ya ng'ambo si ya kila mtu. Lakini mahali palipokatwa kila njia palikuwa na mlango mmoja mdogo uliobaki wazi, na ulibaki wazi kwa sababu chama fulani hakikukubali kuambiwa kwamba mtambo wake ni wa kizamani. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Wala Misri si mbali hivyo. Mwezi wa Januari 2021 intaneti ya Uganda ilizimwa siku karibu tano wakati wa uchaguzi. Tanzania ilizimwa kuanzia siku ya uchaguzi wao, tarehe 29 Oktoba 2025. Mfanya kazi aliyekuwa akilipwa kwa simu, dereva aliyekuwa akingoja maagizo, mama aliyekuwa akitafuta habari za mwanawe, wote waliambiwa wangoje. Je, palikuwako waya wa kukimbilia?

Hapa yatupasa tuseme kweli bila kuficha, kwa maana wako vijana watakaosoma na kudhani kwamba ukipata kompyuta kuukuu na modemu umemaliza kazi. Bado. Misri ilikuwa na simu nyingi za waya majumbani. Sisi tumeziacha. Nguzo zimeoza, shaba imeibwa, na kila mtu ana simu ya mkononi. Na simu ya mkononi haifai kwa kazi hii. Sababu yake ni kwamba simu hiyo haipitishi sauti kama ilivyo. Huikamua, ikabakiza kiasi ambacho sikio la mtu laweza kuelewa, na mengine huyatupa. Sikio lasamehe, modemu haisamehi. Sauti yake ikikamuliwa hivyo haielewi kitu, hulia kidogo na kukata. Hata simu za afisini zipitazo katika intaneti mara nyingi hufanya vivyo hivyo, isipokuwa fundi azipange zipitishe sauti nzima bila kukamua.

Basi wako watakaouliza, kama waya hakuna, kelele hii yote ya nini? Twajibu kwamba waya haujaisha wote. Mahali pakubwa pa kazi mara nyingi pana swichibodi ya ndani, yenye nyaya za shaba ziendazo kila idara: toka karakana hata stoo, toka wodi hata jikoni, toka geti hata afisi ya mishahara. Simu ya ndani haipiti kwa kampuni yoyote ya nje wala hailipiwi. Ukitia modemu upande huu na modemu upande ule, kompyuta mbili kuukuu zitapelekeana zamu za kazi, orodha za vipuri na taarifa za ajali hata siku ambayo intaneti ya nchi nzima imelala. Na wala haitakuwa siku ya siasa tu. Trekta likichimba mtaro na kukata kebo, afisi husimama vivyo hivyo.

Wenye kutaka kujaribu wajue haya machache. Modemu isichomekwe katika laini ya simu zile za mezani zenye vioo na vitufe vingi, kwa maana nyingi zake si laini za kawaida, na umeme wake waweza kuiunguza. Itumiwe laini ya faksi, hiyo ndiyo salama. Swichibodi nyingine mlio wake haufanani na ule wa nje, modemu ikausikiliza na kukataa kupiga. Iandikiwe amri ATX3, nayo itapiga bila kuungoja. Upande wa kupokea uandikiwe ATS0=1, maana yake itika simu ikilia mara moja. Programu za kazi hii zipo za bure, katika Linux na hata katika zile za zamani zaidi.

Kuhusu mashini yenyewe, kwanza ifunguliwe itazamwe betri yake ndogo iliyo juu ya ubao. Nyingine huvuja maji makali yanayokula nyaya, na hiyo ndiyo iuayo kompyuta nyingi za zamani kuliko uzee. Ing'olewe kabla ya jambo lolote. Pili, saa yake yaweza kudanganya. Ziko zilizofika mwaka 2000 zikarudi zenyewe tarehe 4 Januari 1980, na mtu akizitegemea barua zake zote zitaonekana zimeandikwa kabla hajazaliwa. Tatu, ile chipu ya mlango wa modemu. Katika mashini za zamani sana chipu hiyo yaweza kushika herufi moja tu kwa wakati. Ni kama jukwaa lenye nafasi ya kifurushi kimoja: hamali akichelewa kidogo, kifurushi cha pili chaanguka relini. Zilizokuja baadaye, zenye chipu iitwayo 16550A, zina nafasi ya herufi 16, na hamali hupata muda wa kupumua. Ukiwa na modemu ya mwendo mdogo si neno. Ukiwa na ya mwendo mkubwa, tafuta mashini yenye chipu hiyo.

Wako wasemao ni afadhali kununua kile kikompyuta kidogo kiitwacho Raspberry Pi, kwa kuwa chala stima kidogo. Twakubali kwamba chala kidogo. Lakini hakina mlango ule wa meno 9 uliozoewa na modemu, tena chanunuliwa kwa fedha, na ile kuukuu imo stoo tayari. Na habari ya stima ina dawa yake katika mpango wa FidoNet. Mashini ya wati 60 ikiwaka usiku na mchana itakula uniti kama 43 kwa mwezi, na hapo mhasibu atapiga kelele kwa haki. Ikiwashwa saa moja tu kila usiku, saa ambayo kila mtu aijua, haitafika hata uniti 2. Si lazima stesheni ikeshe wakati gari lapita mara moja.

Kuna na habari ya wezi. Mlango wa simu hubishwa na yeyote aijuaye namba. Zamani mafundi walikuwa na njia nzuri: mashini ilipokea simu, ikauliza jina, kisha ikakata na kumpigia mwenye jina hilo kwa namba iliyoandikwa katika daftari lake. Mwongo aliyepiga kutoka mahali pengine hakupata kitu. Njia hiyo bado yafaa, ila barua za siri zifungwe kwa programu ya kuficha maneno kabla hazijapelekwa.

Katika mahali pamoja pa kazi ambapo hatutapataja, tuliona lori likipakiwa kompyuta zaidi ya ishirini, na juu yake zikatupwa modemu ndani ya maboksi yao, hazijafunguliwa bado. Hakuna mfanya kazi aliyeulizwa. Fundi wa simu wa mahali hapo, mzee aliyejua kila waya wa jengo lile unapoanzia na unapoishia, alikuwa amepewa barua ya kustaafu mwezi uliotangulia, na hakuna kijana aliyewekwa kwake kujifunza. Kwa maoni yetu hasara ya pili yapita ya kwanza. Kompyuta kuukuu zitapatikana nyingine. Kila mwaka zinazaliwa upya, maana mpya ya leo ndiyo kuukuu ya kesho. Waya ukingolewa haurudishwi, na mzee akienda zake na ujuzi wake, michoro ya nyaya iliyobaki haisomeki na mtu. Wanaoandika "hazifai" huanza na mashini, wakaendelea na waya, wakamalizia kwa mtu, na kila mara hutumia kalamu ile ile.

Tena karatasi hii mnayoisoma, ndugu, imetolewa kwa mashini ya kunakilia ambayo afisi moja iliitupa. Herufi ya "m" yatoka nusu, twajua. Hata hivyo mmesoma hadi hapa.

Twaomba kila tawi lifanye mambo haya kabla ya mkutano ujao. Stoo ikaguliwe pamoja na mjumbe wa wafanya kazi kabla lori halijaitwa, na kompyuta mbili zilizo nzima ziwekwe kando, si moja, ili ya pili itoe vipuri. Swichibodi ya ndani iulizwe ina laini ngapi za kawaida na ziendapo. Fundi wa simu aliye karibu kustaafu apewe kijana wa kumfuata kwa miezi mitatu, naye kijana aandike. Na yeyote mwenye modemu nyumbani, iliyokaa kabatini tangu siku zile, ailete kwa katibu wa tawi lake pamoja na kichwa chake cha stima, kwa maana vichwa hivyo vyafanana kwa macho lakini nguvu zao ni mbalimbali, na cha modemu nyingine kitaiunguza.